Shajara ya Land Rover Iliyoota Majani: Kuondoa Kuvumwani na Uchafu wa Misimu Mitatu ya Mvua Tukuyu

Jumamosi, tarehe 3 Agosti 2024

Leo nimeanza kazi niliyokuwa nikiiahirisha tangu Pasaka. Gari lenyewe ni Land Rover Defender 110 ya mwaka 1996, nyeupe, mali ya baba mdogo, ambaye alipohamia Dar es Salaam aliliacha chini ya mparachichi nyuma ya nyumba yetu hapa Tukuyu. Limekaa hapo misimu mitatu ya mvua, na katika muda wote huo sidhani kama limewashwa zaidi ya mara nne. Juzi alinipigia simu akasema, "Mwanangu, ukiliokoa ni lako, likikushinda, mwite mnunuzi wa chuma chakavu." Nimeamua kuandika kila hatua ili nisisahau nilichofanya, na ili mwenye gari kama hili katika sehemu za baridi na unyevunyevu, iwe ni Rungwe, Lushoto au Limuru, apate pa kuanzia.

Kwa asiyeifahamu Tukuyu, mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kusini mwa Mlima Rungwe, na upepo unaopanda kutoka Ziwa Nyasa hugonga milima hii ukaishia kuyamwaga maji yake kwetu. Mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Hata mwezi Juni, wakati watu wa kwingine wanalalamikia vumbi, sisi huwa na ukungu na manyunyu yasiyolowesha shati lakini yasiyoacha kitu chochote kikauke. Ndiyo maana chai, ndizi na maparachichi hustawi hapa, na ndiyo maana gari likisahauliwa huota majani.

Nimelizunguka gari kwa saa nzima bila kugusa kitu, nikiandika tu. Upande wa kusini umeathirika vibaya kuliko wa kaskazini, na nilipofikiri nikaona sababu: kwa mahali tulipo, jua huhamia kusini kwetu kuanzia katikati ya Oktoba hadi karibu mwisho wa Februari, yaani hasa katika miezi ambayo limefunikwa na mawingu. Miezi ya jua kali huangaza upande wa kaskazini. Ubavu wa kusini wa gari lililoegeshwa mahali pamoja haukauki ipasavyo mwaka mzima.

Mtaani kila kitu cha kijani kinachoota juu ya bati au ukuta huitwa ukungu, lakini kwenye gari hili nimehesabu vitu vinne tofauti. Upo utando wa kijani unaoteleza, ambao ni aina ya mwani, nao umetanda kwenye milango na hata kwenye kibao cha namba, kiasi kwamba rangi ya njano haionekani. Ipo kuvumwani yenyewe, yaani vile vimea vidogo vya kijani ambavyo Waingereza huviita "moss", laini kama zulia, kwenye mfereji wa paa, kwenye reli za vioo na nyuma ya tairi la akiba. Yapo madoa ya kijivu yaliyoshikamana na rangi kama sarafu zilizobandikwa kwa gundi, ambayo ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Na ndani, kwenye viti na mikanda, ipo kuvu nyeusi yenye harufu ya pishi la viazi. Juu ya yote hayo kuna uchafu wa kawaida: masizi ya jikoni, majani yaliyooza na kutoa maji ya kahawia, na utomvu. Maparachichi nayo yamefanya yake, kwani paa ni la alumini na lina mabonyeo kumi na moja.

Jumapili, tarehe 4 Agosti

Nimefanya majaribio kwenye boneti kabla ya kujitosa. Kuvumwani haina mizizi ya kweli. Hujishikiza kwa nyuzi nyembamba na hunywa maji kwa majani yake, kwa hiyo haili rangi ya gari wala haichimbi. Ubaya wake ni kwamba hukaa kama sponji, ikishika maji na vumbi mahali ambapo pangekauka. Ikikaushwa na jua hujikunja na kusinyaa, ukadhani imekufa, kisha mvua moja tu huirudisha. Nilipojaribu kuikwangua ikiwa kavu, iling'oka vipandevipande na kuburuza chembe za mchanga juu ya rangi. Nilipoimwagia maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya maji kidogo na kuiacha dakika ishirini, ilinyanyuka yote kwa pamoja kwa kijiti cha mwanzi nilichokichonga bapa kama kisu cha kupakia siagi. Tangu sasa ni kuloweka kwanza, kisha mwanzi, kisha brashi laini.

Bibi, aliyekuwa akinitazama kutoka barazani, alishauri nitumie majivu na mchanga, kwa kuwa alumini ni alumini na sufuria zake zinang'aa. Nilimweleza kwamba sufuria haina rangi ya kulinda, na kwamba maji ya majivu, sawa na magadi, huila alumini polepole. Hakuridhika. Aliuliza mbona sufuria aliyoolewa nayo bado ipo, na kwa kweli ipo.

Sabuni ya unga nimeiweka kando pia, kwa kuwa ni kali kwa nta ya rangi na kwa alumini iliyo wazi. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ndiyo inayopendekezwa na kila mtu, na ni kweli huua utando wa kijani kwa dakika chache, ila klorini yake hula alumini na hukausha raba. Siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu nimeiona inatosha kwenye vioo. Nimeandika kwa wino mwekundu kwenye ukuta wa stoo kwamba siki na dawa hiyo ya klorini zisikutane hata kwenye ndoo moja, kwa sababu zikichanganyika hutoa gesi yenye sumu, na katika nyumba hii ndoo huazimwa bila kuuliza.

Jumatano, tarehe 7 Agosti

Nimekosea, na kosa lenyewe nimelilipia shilingi 10,000. Baada ya kazi nilishikwa na haraka, nikalivuta gari kwa trekta la jirani hadi kwa vijana wanaoosha magari kwa mashine ya presha. Kwa robo saa nilifurahi mno. Paa liligeuka jeupe mbele ya macho yangu, na utando wa milangoni uliondoka kama umenyolewa. Kisha kijana akaelekeza bomba kwenye reli za vioo vya nyuma, na mimi, badala ya kumzuia, nikamwambia aongeze.

Alhamisi, tarehe 8 Agosti

Asubuhi nimekuta maji kwenye sakafu ya abiria, kina cha kidole, na mabaki ya kuvumwani yakielea ndani yake kama majani ya chai kwenye kikombe. Presha haikuitoa kuvumwani. Sehemu kubwa iliisukuma ndani ya milango na nyuma ya raba, na mahali pawili imechana manyoya ya reli ambayo kioo hutelezea. Nilitaka fundi aje aone lakini leo ni Nanenane, naye ameshapanda basi kwenda viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Nimekausha sakafu kwa matambara na kuacha milango yote mitano wazi.

Jumamosi, tarehe 10 Agosti

Siku nzima imekwisha kwenye reli nne za vioo. Nitaeleza kwa kirefu kwa sababu wenye magari ya aina hii wote wanalijua tatizo hili, na sijaona anayelieleza hatua kwa hatua.

Vioo vya pembeni vya nyuma kwenye Land Rover hii havipandi wala kushuka. Huteleza mbele na nyuma ndani ya reli iliyotandikwa manyoya mafupi. Manyoya hayo hunywa maji, hushika vumbi, na hukaa kivulini. Ukitaka kuipandia kuvumwani bustani, huwezi kubuni kitalu bora kuliko hicho. Kwenye reli ya kushoto ilikuwa imepanda sentimita mbili juu ya ukingo, ya kijani kibichi juu na ya kahawia chini, na katikati yake palikuwa na kijimea chenye majani mawili ambacho mbegu yake sijui ilipeperushwa kutoka wapi. Jongoo mdogo alitoka, akatazama hali ilivyo, akarudi ndani.

Nililoweka kwa maji ya uvuguvugu, nikiyadondosha kwa bomba la sindano lisilo na sindano ili yaende pale tu ninapotaka. Baada ya nusu saa nilipitisha mwanzi mwembamba kwa urefu wote wa reli, kutoka mbele kwenda nyuma, na zulia zima likatoka kama utepe wa urefu wa mkono, likiwa na umbo la reli kwa upande wa chini, pembe zake zote zikionekana. Nimelitundika kwenye waya wa nguo ili wanangu walione. Chini yake palikuwa na tope jeusi laini, ambalo ndilo lililochukua muda: nilikisogeza kila kioo nusu, nikasugua kwa mswaki, nikafyonza maji machafu kwa tambara, nikakisogeza upande wa pili na kuanza tena. Miswaki mitano imekufa. Baada ya tope kwisha, vilionekana vitundu vya kutolea maji kwenye sakafu ya reli, kila kimoja kikiwa kimezibwa. Nilipovizibua kwa waya na kumwaga kikombe cha maji, maji yaliingia kwenye reli na kutokea nje ya bodi, chini ya dirisha, kama yalivyokusudiwa na waliolitengeneza gari. Nilirudia mara tatu kwa raha tu ya kutazama.

Jumatano, tarehe 14 Agosti

Manyunyu tangu alfajiri, kwa hiyo nimeshughulikia kibao cha namba na taa tu, nikiwa chini ya mwavuli.

Jumamosi, tarehe 17 Agosti

Fundi amekuja. Nilimwonyesha paa na boneti nikitarajia sifa, lakini hakuvitazama. Alipiga magoti karibu na mlango wa dereva, akapitisha kidole kwenye ukingo wa chini, akaninyoshea kikiwa na unga mweupe.

"Mwalimu," alisema, "wewe umeosha juu. Hili gari linaliwa kuanzia chini, kwa sababu maji yake hayana pa kutokea."

Unga ule mweupe ni alumini inayooza. Ngozi ya mlango ni ya alumini lakini fremu iliyo ndani yake ni ya chuma, na ngozi imekunjwa kuizunguka fremu kwenye ukingo. Metali hizo mbili zikigusana mahali palipolowa, umeme mdogo hupita kati yake kama ndani ya betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Zikikaa kavu haziumizani. Kwa hiyo kuvumwani na tope lililoziba njia za maji ndivyo vilivyoifanya betri hiyo ifanye kazi usiku na mchana kwa misimu mitatu, ilhali mimi nilikuwa nikihangaikia madoa.

Kila mlango una matundu ya kutolea maji kwenye ukingo wake wa chini. Fundi aliomba spoku ya baiskeli, akaikunja ncha, akaichomeka kwenye tundu la kwanza na kuizungusha. Kwanza halikutoka kitu. Kisha likatoka donge jeusi la ukubwa wa punje ya hindi, na nyuma yake maji ya rangi ya chai ya rangi yaliyojaza nusu ya kopo la maziwa ya unga. Maji hayo yalikuwa yamekaa ndani ya mlango. Mlango wa nyuma wa kushoto ulitoa zaidi, ukatoa na mabaki ya kuvumwani niliyoisukuma mwenyewe kwa mashine ya presha siku ile, na nikaona aibu mbele ya fundi ingawa hakusema neno.

Tukaendelea na vifuniko viwili vya hewa vilivyo chini ya kioo cha mbele. Nyuma ya kila kifuniko kuna wavu, na nyavu zote mbili zilikuwa zimejaa majani ya mparachichi yaliyogeuka mboji. Sehemu hiyo ya bodi ni ya chuma, nayo imeshaanza kutoboka upande wa abiria, tundu la upana wa ncha ya kalamu. Tumelisafisha, tumelisugua kwa msasa na kulipaka rangi ya kuzuia kutu kwa muda, kulichomelea kutafuata.

Jumapili, tarehe 18 Agosti

Ndani sikuogopa kama nje, lakini nilipaswa kuogopa zaidi, kwa kuwa vumbi la kuvu si jema kwa mapafu. Nilifunga barakoa na kutoa viti vyote nje kabla ya kusugua chochote. Chini ya mazulia ya raba palikuwa na sponji nene iliyoshiba maji kiasi kwamba niliikamua kama nguo. Hiyo nimeitupa, na sitaiweka tena: gari la sehemu kama hii linafaa kuwa na sakafu tupu na raba inayonyanyulika. Mikanda na kitambaa cha dari nimevifuta kwa siki iliyozimuliwa, nikaviacha vikauke, nikarudia. Viti vimeshinda juani hadi saa kumi jioni. Harufu imepungua ila haijaisha.

Jumamosi, tarehe 24 Agosti

Nimemaliza chesisi. Hapa nilitumia nguvu bila huruma, brashi ya waya na kikwangulio cha chuma, kwa kuwa chesisi ni chuma na uchafu wake ni udongo wa volkano ulioganda. Nayo ina matundu ya kutolea maji, na spoku ileile imefanya kazi.

Majirani watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wameshauri nipake oili chafu kama wafanyavyo wenye malori. Siwezi kusema haisaidii, kwa sababu kutu haiingii kirahisi kwenye chuma chenye mafuta. Lakini oili chafu hulegeza raba za bushi na mipira ya breki, na hudondoka ardhini, na ardhi ninapoegesha iko mita sita kutoka kwenye shina la mparachichi tunaokula. Nimechagua grisi ya kuzuia kutu, nikaipaka ndani ya chesisi kwa brashi ya mpini mrefu. Imenigharimu zaidi na haijafika kila pembe.

Jumamosi, tarehe 31 Agosti

Leo ni madoa ya kijivu. Nimeyaacha mwisho kwa sababu ndiyo magumu kuliko yote na hayana haraka. Tofauti na kuvumwani, hayo hushika rangi hasa, na ukiyakwangua makavu hutoka na rangi. Nililaza matambara yaliyolowa maji ya sabuni juu ya kila doa, nikayafunika kwa mfuko wa nailoni ili yasikauke, nikayaacha saa tatu. Mengi yalilainika yakatoka kwa ukucha wa kidole. Yaliyobaki yameacha alama za mviringo zilizofifia, ambazo polishi imepunguza lakini haikuzifuta. Boneti sasa inaonekana kama ramani ya visiwa, nami nimeamua kuiacha hivyo.

Baada ya polishi nimepaka nta tabaka mbili. Nta haiui chochote. Kazi yake ni kufanya maji yakusanyike matone na kukimbia, na vumbi lisipate pa kushika, kwa hiyo kijani kikirejea kitatoka kwa tambara tu.

Kisha nimelihamisha gari. Halikai tena chini ya mparachichi, linakaa upande wa kaskazini wa nyumba, pua ikitazama juu kidogo ya mteremko ili maji ya mfereji wa paa yaelekee nyuma. Mke wangu alitaka tulifunike kwa turubai. Nimekataa kwa heshima zote, maana turubai lililobana katika hewa ya huku hufungia unyevunyevu ndani, na ningekuwa nimeijengea kuvumwani nyumba ya pili. Paa la mabati lisilo na kuta litajengwa tukiuza ndizi za Desemba.

Jumapili, tarehe 17 Novemba

Mvua za kwanza kubwa zimenyesha wiki hii, nami nilizisubiri kama mtahini. Leo asubuhi, baada ya usiku wa mvua, nilichukua kigoda nikakaa kando ya gari na kuangalia yanakotokea maji. Reli zote nne zinamwaga. Mfereji wa paa unamwaga nyuma. Sakafu ni kavu, na harufu ya pishi imebaki kwenye mkanda mmoja tu. Nyuma ya tairi la akiba kuna kivuli cha kijani cha upana wa kiganja, ambacho kimetoka kwa tambara na maji matupu.

Chini ya milango, matone yanadondoka kwenye kila tundu isipokuwa moja, la mlango wa nyuma wa kushoto. Nimeigonga ngozi ya mlango kwa kifundo cha kidole na sauti ya chini ni nzito kuliko ya juu. Spoku iko stoo.